Naomba ushauri: niandike kuhusu Walmart, Lidl, au zote mbili?

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Naandaa utafiti wa shahada kuhusu jinsi makampuni makubwa ya kimataifa yanavyotumia mifumo ya taarifa za menejimenti.

Nilivutiwa kwanza na Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani. Mwaka 1987 walikamilisha mtandao wa setilaiti unaounganisha maduka na makao makuu, na 1991 wakaleta Retail Link, mfumo wa kuwaonyesha wasambazaji taarifa za mauzo. Msambazaji kama Procter & Gamble anaona mwenyewe bidhaa zake zinavyouzwa duka kwa duka, hivyo anapeleka mzigo kabla rafu haijabaki tupu. Kwangu huo ndio uongozi wenye macho.

Kisha nikakutana na Lidl, nayo kampuni ya maduka, ya Ujerumani. Walianza mradi wa kuweka SAP (programu ya kuendesha shughuli za kampuni kama stoo na uhasibu) 2011, wakauacha 2018, na gharama iliyotajwa ni kama yuro milioni 500! Inaelezwa kuwa walizoea kuthamini bidhaa za stoo kwa bei ya kununulia, ilhali programu ilitumia bei ya kuuzia.

Je, nilinganishe zote mbili, au itakuwa pana mno? Na mliofanya kazi stoo au uhasibu kwenye makampuni ya namna hii, ni wakati gani kampuni ibadili utaratibu wake ili kuufuata mfumo?