Canon 200D kwenda laptopu kwa Wi-Fi, sehemu isiyo na ruta

MpigaPicha_Ngamiani:
Wakuu, salaam. Jumamosi kuna harusi Raskazone, ufukweni, hakuna ruta. Nataka picha ziingie kwenye laptopu (Windows 10) kazi ikiendelea, ili printa ianze kutoa picha za inchi 6x4. Laptopu inajiunga na Wi-Fi ya kamera vizuri, ila EOS Utility (programu ya Canon ya kompyuta) inasema haioni kamera. Tatizo nini? Na bando la simu litaliwa?

Fundi_Chumbageni:
Bando haliguswi mkuu, kamera inatoa mtandao wake yenyewe. Kujiunga na Wi-Fi peke yake hakutoshi, lazima uoanishe kamera na laptopu, yaani vitambuane. Kwenye menyu ya Wi-Fi ya kamera chagua alama ya kompyuta; wengi hugusa ile ya simu. Laptopu ikishajiunga, fungua EOS Utility, ingia sehemu ya kuoanisha kwa Wi-Fi/LAN, chagua jina la kamera, kisha ukubali kwenye kioo cha kamera. Unafanya mara moja tu.

Jina lisipotokea, angalia fayawoli (kinga ya Windows inayozuia miunganisho). Windows mara nyingi huuweka mtandao mpya kuwa Public na kuzuia programu. Ubadilishe uwe Private, uiruhusu EOS Utility.

Lenzi_Kavu:
Naongezea, maana harusi hairudiwi. Kwenye mipangilio ya EOS Utility kuna pa kuchagua picha zihifadhiwe wapi. Weka kompyuta NA kadi ya kamera. Ukiacha kompyuta peke yake, kadi haina nakala ya kukuokoa.

Wi-Fi ya 200D ni 2.4 GHz tu. Hesabu MB 2 au 3 kwa sekunde mkiwa karibu. JPEG kubwa ni kama MB 8, RAW (faili ghafi ya kamera) inapita MB 25, foleni ya picha itakushinda. Piga JPEG ya M (saizi ya kati): 6x4 inahitaji pikseli 1800 kwa 1200 tu, M inazidi mara mbili kila upande.

Zima kujizima kwa kamera, ikilala mtandao unakatika. Laptopu iwe juu ya meza, usiifiche nyuma ya jukwaa: miili ya watu ina maji, inameza mawimbi hayo. Betri za LP-E17 beba tatu.

MpigaPicha_Ngamiani:
Imekubali, nilikuwa kwenye alama ya simu. Maharusi wakitaka RAW za picha za pamoja?

Lenzi_Kavu:
Kwa hizo badili kamera iwe RAW kwa dakika chache, ukitumia kadi nyingine, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Utazitoa nyumbani kwa kadi rida.