Naomba ushauri: bomba la maji linapasuka kwa baridi, Kitulo

Wakuu, heshima kwenu. Laini ni ya mita 400, inchi moja, kutoka chemchemi hadi simtanki, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai sakitu inashika usiku, asubuhi maji hayatoki.

PVC iliyo juu ya ardhi imepauka; ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga mweupe. Jua limeshaila, imekuwa kavu kama bua. Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, basi inachanika kwa urefu, hasa karibu na elbo (kiungo cha kona). Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki nayo yanaoza kwenye nyuzi za kufungia, pale nipo (kiungo kifupi chenye nyuzi) inapokutana na koki ya shaba: nyuzi zikikatwa zinki inatoka, na shaba inaharakisha kutu.

Nafikiria kuweka poli nyeusi (bomba la plastiki linalopindika) ya milimita 32, PN10 (ya kuhimili presha ya bar 10), niifukie sentimita 60. Tatizo ni kivuko cha korongo, mita 12 hewani. Poli hurefuka kama milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi joto. Usiku 0, mchana juani 40, hiyo ni karibu sentimita 10! Viungo vya kubana vitachomoka.

Je, niipitishe ndani ya bomba la chuma la inchi 2, au niache kona ya kujikunja ili irefuke bila kuvuta viungo? Sponji ya kufunika ikilowa haizuii baridi tena, mnatumia nini? Na koki ya kumwaga maji ya bombani usiku yasigande iwe upande gani?