Naombeni ushauri: nimeachiwa santuri za mabaritoni wa Italia ambao hakuna anayewakumbuka

AltoWaPili

Habari za jioni wakuu. Niko Milano, Italia, mwaka wa saba sasa, kazi yangu ni kulea wazee. Mama niliyekuwa namlea alifariki Januari, Mungu ampumzishe. Wiki chache kabla ya hapo alinishika mkono akaniambia kasha lililo chini ya kitanda ni langu, maana ni mimi tu niliyekuwa nikikaa naye kusikiliza. Watoto wake wameridhia.

Ndani mna santuri 31, zile nzito za zamani zinazovunjika kama sahani ya udongo. Ni za mabaritoni, wanaume wa sauti ya kati. Majina niliyoweza kusoma ni Antonio Magini-Coletti, Mario Sammarco, Pasquale Amato, Francesco Cigada, na moja Mario Ancona anaimba na Caruso. Caruso, yule teno maarufu, namjua. Hao wengine nimewauliza mpaka Waitalia wa kwaya yetu ya parokia, wote wanatikisa kichwa.

Inayonisumbua zaidi ni moja ambayo lebo yake imebanduka nusu. Jina la mwimbaji halipo, yamebaki maneno "Di Provenza" tu. Mama aliipenda kuliko zote. Alinieleza kwamba ni baba anambembeleza mwanawe arudi nyumbani, anamkumbusha bahari na ardhi ya kwao. Kila ikipigwa alikuwa ananitazama mimi.

Mashine yake iliharibika, nimeazima ya jirani, ya mizunguko 78 kwa dakika. Sauti inatoka nyembamba na ya haraka, kama teno aliyebanwa koo. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alikuja, akachungulia, akataka kubeba kasha zima kwa bei ya viatu. Akasema hao hawakuwa na sauti, ndiyo maana wamesahaulika.

Ni kweli? Niuze? Na nikibaki nazo, nazitunzaje?

FundiSanturi

Dada, pole sana kwa msiba. Usiuze, na usizipige tena mpaka uangalie sindano ya hiyo mashine. Kama ni ile ya santuri za plastiki za miaka ya 60, ni nyembamba mno, inashuka mpaka chini ya mfereji na kuukwaruza. Santuri za shelaki, ile gundi ngumu ya hizo zako, zina sindano yake nene, zinauzwa mpaka leo. Na kama jirani ana gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, sindano ya chuma hubadilishwa kila upande mmoja ukiisha.

Kusafisha: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni laini, kitambaa laini, na lebo isiguswe na maji. Spiriti usiilete karibu, inayeyusha shelaki. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine.

Sasa hilo la sauti nyembamba. Siyo mwimbaji huyo, ni kasi. Enzi hizo 78 haikuwa sheria. Nyingine zilirekodiwa kwa 70 na kitu, nyingine zikapita 80. Wewe ni mtu wa kwaya, kwa hiyo fanya hivi: "Di Provenza" ni wimbo wa opera La traviata ya Verdi, na kwenye kitabu chake Do, yaani noti ya msingi, ni D flati. Chukua kinanda, hata cha kwenye simu, tafuta Do ya hiyo santuri. Ukiikuta kwenye D, sauti imepandishwa nusu toni nzima, na dawa yake ni kushusha mashine kutoka 78 hadi karibu 74. Mashine ikigoma kushuka, irekodi kwenye kompyuta kisha programu ipunguze mwendo. Hakikisha tempo na sauti vinashuka pamoja.

Tahadhari moja. Waimbaji wengine walishusha wimbo kwa makusudi, kwa hiyo kinanda kikishasema, isikilize na kwa sikio lako. Irabu zikitoka kama za mtu anayeongea, umefika.

MzeeWaGalari

Huyo mnunuzi amenitia hasira. "Hawakuwa na sauti"? Sammarco, mtu wa Palermo, ndiye wa kwanza kabisa kuigiza Gérard kwenye opera Andrea Chénier, hapo hapo kwenu kwenye jumba la La Scala, Machi 1896. Amato wa Napoli ndiye aliyekuwa sherifu Jack Rance opera ya Puccini, La fanciulla del West, ilipofunguliwa kule jumba la Metropolitan, New York, Desemba 1910, Caruso pembeni yake na Toscanini akiongoza okestra. Ancona ndiye Silvio wa kwanza wa opera Pagliacci, Milano, 1892. Hawa ndio waliofungua milango ambayo wengine wote wamepitia. Mwaka 1935 hivi Amato alikuwa anafundisha uimbaji chuo kikuu cha Louisiana, na 1942 akafia New York.

Mwulize mtu yeyote nani alikuwa Scarpia wa kwanza wa opera Tosca, Roma, Januari 1900. Ni Eugenio Giraldoni. Baba yake, Leone, ndiye Simon Boccanegra wa kwanza kwenye opera ya Verdi ya jina hilo mwaka 1857. Nyumba moja, baba na mwana, majukumu mawili makubwa kiasi hicho, na mwana akaenda kufia Helsinki 1924. Hapo kwenu Milano mpo wangapi mnaolijua jina lake?

Sababu ya kusahaulika naiona hivi. Kabla ya 1925 santuri hazikurekodiwa kwa maikrofoni. Mtu alisimama mbele ya pembe kubwa, sauti yake yenyewe ndiyo iliyosukuma sindano ichonge nta. Hakuna umeme. Noti ya juu ikija ilibidi arudi nyuma, la sivyo nta inaharibika, na wimbo lazima uishe ndani ya dakika nne hivi. Baritoni na teno zilipita vizuri kwenye pembe kuliko soprano, ndiyo maana walirekodiwa wengi. Lakini umeme ulipokuja, santuri hizo zikasikika za kizee ghafla, na waliokuwa wamekufa au kustaafu hawakupata nafasi ya pili. Magini-Coletti alizaliwa 1855, akafa 1912. Alipokuwa akiiimbia Fonotipia, kampuni ya santuri ya Milano, alikuwa karibu miaka 50. Tunachosikia ni jioni yake. Baritoni mwenzao Riccardo Stracciari alibahatika: alizaliwa 1875, sauti ikamdumu, akarekodi opera nzima za Barbiere 1929 na Rigoletto 1930 kwa maikrofoni. Yeye hadi leo ana wapenzi. Tofauti yao ni miaka 20 ya kuzaliwa.

Halafu akatokea baritoni Titta Ruffo. Mtoto wa Pisa aliyefanya kazi ya uhunzi kwenye karakana ya baba yake, sauti kama kengele ya kanisa kuu. Watu walipoizoea ile ngurumo, uimbaji wa kina Magini-Coletti, wa kuvuta pumzi ndefu na kupamba mstari polepole, ukaonekana wa kizamani. Mimi nausikiliza huo wa kizamani kila Jumapili.

Santuri za Cigada ziangalie vizuri. Kama ni za Pagliacci, huenda ni vipande vya ile opera nzima ya 1907 iliyorekodiwa mtunzi wake Leoncavallo mwenyewe akisimamia, Cigada akiimba nafasi ya Tonio. Usizitenganishe.

PwaniSikuzote

Nachangia kidogo kutoka Unguja. Bibi Siti binti Saad na wenzake walipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, ilikuwa ni kampuni ya His Master's Voice, ile ya picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Ila wao walikuta maikrofoni. Mzee hapo juu amenifungua macho, kumbe Siti alipata chombo ambacho Magini-Coletti hakuwahi kukiona.

WakiliMdogo

Dada, watoto wa marehemu wakuandikie karatasi kwamba kasha ni lako, na wasaini. Leo wameridhia. Kesho akisikia mmoja kwamba kuna kitu cha thamani, maneno yatabadilika.

FundiSanturi

Kweli kabisa hilo la karatasi. Nimesahau na hili: kwenye ile ya lebo iliyobanduka, angalia ile sehemu tupu kati ya mistari na lebo. Kuna namba imechongwa. Kama ni Fonotipia ya mwanzo, huwa kuna na saini ya mwimbaji iliyochongwa hapo hapo. Tumia taa ya pembeni, usimulike kwa juu. Namba ukiipata, ipeleke kwa ile taasisi ya serikali ya urithi wa sauti iliyoko Roma, zamani ikiitwa Discoteca di Stato, ipo tangu 1928. Hiyo ya Caruso na Ancona utaiona bure mtandaoni kwenye hifadhidata ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Ni ya 1907, iliuzwa sana, kwa hiyo usitegemee utajiri.

AltoWaPili

Wakuu, nimerudi. Karatasi imesainiwa jana, ahsante Wakili. Sindano nene nimeagiza, imefika.

Do niliikuta kwenye D, karibu juu kidogo. Nikashusha hadi 74, bado, nikashusha hadi 73 na nusu. Nilikuwa jikoni kwa mama, mahali pale pale tulipokuwa tunakaa. Ile sauti ikashuka, ikapanuka. Ni mtu mzima, ana kifua, na anapofika "Dio mi guidò" anapunguza sauti mpaka unausikia mkwaruzo wa santuri kuliko yeye. Nimelia.

Saini haipo. Namba ipo, tarakimu nne, nimeipiga picha kwa tochi ya pembeni kama ulivyoelekeza, na barua pepe ya Roma nimeituma asubuhi hii. Mnunuzi alipiga tena simu. Nimemwambia haziuzwi.