Tunataka kukusanyika Dar kupinga kuuawa kwa raia Gaza: taarifa polisi inaandikwaje, na mabango yaseme nini?

Kijana_wa_Buguruni

Wakuu, salaam. Tuko kama 60, wengi wanachuo na vijana wa mtaani, Waislamu kwa Wakristo. Novemba 29 ni Siku ya Kimataifa ya Mshikamano na Watu wa Palestina, na tunataka kufanya jambo hapa Dar kupinga kuuawa kwa raia. Wazo la kwanza ni matembezi kutoka Mnazi Mmoja hadi ubalozi wa Israel. Kibali kinaombwa kwa nani, na mapema kiasi gani? Takwimu zipi tuandike kwenye mabango tusije tukaumbuka? Halafu kuna mvutano ndani ya kundi: wengine wanataka tuwataje na waliouawa Israel kwenye shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, wengine hawataki hata kusikia. Naomba wanaojua. Siasa za vyama zina nyuzi zake.

Wakili_Kijiweni

Mkuu, ubalozi wa Israel Dar haupo. Balozi wao anayeihudumia Tanzania anakaa Nairobi. Mwalimu alikata uhusiano mwaka 1973, ukarudishwa 1995, na sisi tukafungua ubalozi Tel Aviv mwaka 2018, lakini wao hapa hawajafungua. Kwa hiyo hayo matembezi hayana pa kufikia.

Pili, hamuombi kibali, mnatoa taarifa. Zamani kibali kilihitajika kweli, mpaka Mahakama Kuu Dodoma, chini ya Jaji Lugakingira, ikasema katika kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba sharti hilo linagongana na ibara ya 20 ya Katiba. Sasa kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinataka taarifa ya maandishi imfikie ofisa wa polisi anayesimamia eneo si chini ya saa 48 kabla ya mkusanyiko, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Kwa matumizi ya kawaida huyo ni OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, wa eneo lenu. Saa 48 ni kiwango cha chini cha sheria. Ninyi pelekeni wiki mbili kabla.

Barua iwe ukurasa mmoja. Andikeni "tunatoa taarifa kwa mujibu wa kifungu cha 43", maana mkiandika "tunaomba kibali" mmewapa nafasi ya kukaa kimya, na ukimya utasomwa kama kukataliwa. Tajeni majina na simu za watu watatu wanaowajibika, saa ya kuanza na ya kumaliza, kama kuna vipaza sauti, na jinsi watu watakavyotawanyika. Mkitegemea watu 60, andikeni 80. Watu wakizidi idadi iliyotajwa, maswali yanaanzia hapo.

Nakala ziwe tatu: ya OCD, ya Mkuu wa Wilaya, na ya kwenu inayorudi na muhuri wa kupokelewa, tarehe, saa na jina la aliyepokea. Hapa ndipo wengi hukwama. Barua inaachwa mapokezi Ijumaa jioni bila muhuri, na siku ya tukio hakuna aliyeiona. Mkitaka uwanja wa wazi, uwanja nao una mwenyewe, kwa hiyo barua ya pili iende halmashauri, na jibu lake liambatishwe kwenye ile ya polisi.

Mkishatoa taarifa, sheria inawaruhusu kuendelea mpaka mpokee amri ya kuzuia. OCD anaweza kuzuia akiridhika kuwa amani au usalama wa umma uko hatarini. Rufaa inakwenda kwa Waziri, na uamuzi wake sheria inauita wa mwisho. Zuio likija jioni ya kuamkia siku yenyewe, rufaa haimalizwi usiku mmoja. Likifika, msitoke. Kuendelea baada ya zuio kunageuza jambo halali kuwa kosa, na waliowekwa majina kwenye barua ndio wa kwanza kutafutwa.

Kwa hiyo ushauri wangu: ukumbi, si barabara. Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, na ile amri ya kutotoka nje na intaneti kuzimwa, msafara wowote wa barabarani Dar unatazamwa kwa jicho hilo hilo, hata ukiwa wa Gaza. Hata kwenye ukumbi, taarifa ya polisi itoeni vilevile, kwa sababu mwenye ukumbi atakayepigiwa simu asubuhi na kuulizwa anaowapokea ni nani atafunga mlango kama hana karatasi ya kuonyesha.

Binti_Takwimu

Nichukue swali la mabango.

Msiandike "raia 70,000". Hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza ilivuka 70,000 mwishoni mwa Novemba 2025, lakini wizara hiyo haitenganishi raia na wapiganaji. Inachotenganisha ni umri na jinsia. Sentensi salama ni hii: "Zaidi ya watu 70,000 wameuawa Gaza tangu Oktoba 2023, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza." Watu, si raia, na chanzo kikae kwenye bango lenyewe. Kabla ya kuchapisha angalieni taarifa mpya za OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu, maana hesabu inaendelea kupanda kwa miili inayofukuliwa kwenye vifusi.

Mkitaka namba inayozungumzia wanawake na watoto, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilithibitisha kifo kimoja kimoja vifo 8,119 vya kati ya Novemba 2023 na Aprili 2024, ikakuta karibu asilimia 70 ni wanawake na watoto. Ripoti ilitoka Novemba 2024. Asilimia hiyo ni ya vifo hivyo 8,119 tu. Ukiichukua na kuizidisha kwa 70,000 umetunga takwimu yako mwenyewe.

Kuhusu mahakama, watu huchanganya sana. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi iliyofunguliwa na Afrika Kusini Desemba 29, 2023, ilitoa amri za muda Januari 26, 2024. Amri za muda si hukumu. Haikusema kwamba mauaji ya kimbari yamethibitika. Mnaweza kuandika "Tekelezeni amri za Mahakama ya Kimataifa ya Haki", na hakuna atakayewapinga kwa ukweli. Ile nyingine, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ndiyo iliyotoa hati za kukamatwa Novemba 21, 2024, kwa Netanyahu, waziri mkuu wa Israel, Gallant, aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, na kamanda wa Hamas, Deif, ambaye baadaye ilithibitika amekufa.

Oktoba 7, 2023 Israel waliuawa watu wapatao 1,200, wengi wao raia, na 251 wakachukuliwa mateka. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa huko kwa mafunzo ya kilimo. Mwili wa mmoja ulirudishwa Novemba 2025, baada ya mapigano kusitishwa Oktoba 10. Kundi la Dar linalosema linapinga kuuawa kwa raia, halafu linawaruka hao wawili, mwandishi wa habari wa kwanza atakayefika ataliuliza hilo tu.

Picha nazo ziangalieni. Nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni za Syria au za vita vya nyuma. Kila picha ipakieni kwenye utafutaji wa picha wa Google muone ilikotoka kabla ya kuitumia. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu kusambaza habari za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote.

Mzee_wa_Gerezani

Vijana mnafundishwa kulegea. Ukiweka 1,200 pembeni ya 70,000 kwenye bango moja, mpita njia anaona pande mbili zinazolingana. Dar hii iliwapa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ofisi wakati wengine wanawaita magaidi. Leo tunapima maneno kwa mizani?

Mchoraji_Kkoo

Shikamoo mzee. Hoja yako ina uzito, ila dawa yake ni kuacha bango lifanye kazi ndogo na usomaji wa majina ufanye kubwa. Hesabu iko hivi: jina na umri vinachukua kama sekunde tatu, yaani majina 20 kwa dakika. Majina 1,200 ni saa moja kamili. Majina 70,000 ni saa 58, usiku na mchana. Mkisoma saa moja kwa uwiano wa kweli, majina 1,180 ni ya Gaza na 20 ni ya Oktoba 7, wale wawili wetu wakiwemo. Hakuna atakayesema mmeruka mtu, na hakuna atakayetoka ukumbini akidhani pande zinalingana.

Wizara ya Gaza imetoa orodha za majina, umri, jinsia na namba za kitambulisho. Chukueni orodha ya karibuni zaidi, kwa sababu za mwanzo zilisahihishwa na baadhi ya majina yakaondolewa. Namba za kitambulisho zifuteni, hazina kazi mbele ya watu. Msichague watoto peke yao ili watu walie. Chukueni kurasa zinazofuatana kama zilivyo, vizee kwa vichanga, ndipo mtu asikie baba, mama na watoto wa ukoo mmoja wakipita mfululizo. Chapeni kwa herufi za ukubwa wa 16, majina 25 kwa ukurasa. Msomaji mmoja asome kurasa nne, dakika tano, kisha apokewe, maana akizidisha hapo sauti inachoka na anaanza kukimbiza. Wasomaji 12 wanamaliza saa. Mpeni ustadhi orodha siku mbili kabla asahihishe matamshi pamoja nao. Jina la marehemu likiboronganywa, heshima yote mliyoijia imepotea.

Mabango: manila na kalamu nene ya maka vinatosha. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 10, zinasomeka vizuri kutoka mita 12 au zaidi kidogo, na bango moja lisizidi maneno saba. Msiweke mipini ya mbao. Mlangoni itaitwa silaha. Shikeni kwa mikono. Novemba ni vuli, wino wa maka ukipata mvua unachuruzika, kwa hiyo beba mabango ndani ya mfuko wa plastiki. Na neno "Wayahudi" lisionekane popote. Mnaopingana nao ni serikali na wapiganaji, si dini, na Kanuni ya Adhabu ina makosa yake ya kutukana dini na kuumiza hisia za kidini.

Muda: anzeni saa 10 kamili, watu wakiwa wameshaswali alasiri, malizeni saa 12 kabla ya magharibi. Saa moja majina, nusu saa wasemaji watatu wasiozidi dakika kumi kila mmoja, iliyobaki ni ya kuingia na kutoka. Wekeni waelekezaji watatu wenye vitambaa vya rangi moja mkononi, mmoja akae mlangoni muda wote.

Mzee_wa_Gerezani

Marahaba. Hiyo 1,180 kwa 20 nimeielewa. Wale wawili wasomwe mwanzo, ni watoto wetu.

Kijana_wa_Buguruni

Asanteni sana. Basi ni ukumbi. Swali la mwisho: polisi wakiingia katikati ya usomaji, nani anaongea nao? Na madai yetu tuyapeleke wapi, maana ubalozi haupo?

Wakili_Kijiweni

Anaongea mmoja wa wale watatu waliotajwa kwenye barua, akiwa na nakala yenye muhuri. Wengine waendelee kukaa, wasirekodi kwa kumsogezea ofisa simu usoni. Akitamka amri ya kutawanyika, msomaji amalizie jina aliloanza, watu watoke kwa mlango uliopangwa, hakuna ubishi. Mengine yatajadiliwa kwa barua. Akikamatwa mtu, sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ana haki ya kuwasiliana na wakili na ndugu.

Madai yaandikeni kwenye karatasi moja, mawili au matatu tu, yapelekeni Wizara ya Mambo ya Nje na ofisi za Umoja wa Mataifa hapa Dar, kwa dispachi, na nakala kwa wabunge wa majimbo yenu. Wanaokwenda wawe wawili au watatu, siku ya kazi, si kundi zima. Namba ya wakili kila mtu aiandike kwenye karatasi mfukoni. Kituoni simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.