Maurice Chevalier: alisaliti nchi yake au aliokoa watu kumi?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Wiki nzima nimekuwa nikiangalia filamu za zamani za huyu Mfaransa, na kuna jambo limenikaa rohoni. Naomba tulijadili bila matusi.

Kwa asiyemjua: Maurice Chevalier alizaliwa mwaka 1888 Ménilmontant, mtaa wa walalahoi jijini Paris. Baba alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mlevi, akaitelekeza familia. Mama ndiye aliyewalea. Maurice alianza kuimba utotoni kwenye migahawa yenye jukwaa, na kabla ya vita ya 1914 alikuwa ukumbi wa Folies Bergère pamoja na Mistinguett, malkia wa kumbi za Paris enzi hizo, mpenzi wake pia, aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Tuseme ukweli, sauti hakuwa nayo ya kutisha. Alikuwa na tabasamu, mdomo wa chini uliobetuka, kofia ya majani iliyolazwa upande, na ile namna ya kuimba kama anakupa wewe peke yako umbea wa mtaani. Mwaka 1928 akaenda Hollywood, sinema ndiyo kwanza zinaanza kutoa sauti. Kampuni ya Paramount ikamchukua, akaigiza na Jeanette MacDonald chini ya mwongozaji Ernst Lubitsch, akawania hadi Oscar ya mwigizaji bora. 1935 akarudi kwao.

Sasa kiini. Mwaka 1914, akiwa askari, alipigwa na kipande cha kombora mgongoni, akatekwa, akafungwa kambi ya Altengrabow huko Ujerumani kwa zaidi ya miaka miwili. Kiingereza chake alijifunzia humo, kwa mateka wa Kiingereza. Mwishoni mwa 1941, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, akarudi kambi ile ile kuwaimbia mateka Wafaransa. Kuimba Berlin alikataa. Pesa hakutaka. Alichodai ni mateka kumi, vijana wa Ménilmontant na Belleville, waachiwe. Wakaachiwa.

Malipo yake ikawa ni kuitwa msaliti. Agosti 1942 jarida la Life la Marekani likachapa orodha ya Wafaransa wanaoshirikiana na adui, naye yumo.

Wewe ungefanyaje? Mimi ningekwenda. Wale kumi walikuwa na mama zao.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, umeisimulia vizuri ila umeisimulia kwa mdomo wake mwenyewe. Mwaka ule Wafaransa zaidi ya milioni moja walikuwa kwenye kambi za Ujerumani. Mjerumani kuachia kumi ni sawa na muuza duka kukutupia pipi baada ya kununua gunia. Jiulize alinunua nini. Alinunua picha: Chevalier anatabasamu, Chevalier anaimba, kwa hiyo maisha yanaendelea, kwa hiyo hakuna haja ya kushika bunduki. Msanii wa kawaida asingepewa hata mmoja. Alipewa kumi kwa sababu uso wake ulikuwa na thamani ya kumi, na yeye alijua, kwani ndiye aliyetaja bei.

Halafu kuna sehemu umeiruka. Aliimba pia kwenye Radio-Paris, redio iliyokuwa ikiendeshwa na Wajerumani. Huko nako alikuwa akimwokoa nani?

Mchangiaji wa pili

Kaka, umesema kwa ukali, na mimi nitajibu kwa upole. Unajua aliyekuwa akiishi naye wakati huo? Nita Raya, mwigizaji na dansa, Myahudi. Wazazi wake nao walikuwa Ufaransa, na Chevalier alisaidia kuwaficha. Hebu jiweke hapo. Wanakuja watu wa ubalozi wa Ujerumani kwa adabu zote, wanasema tungefurahi ukituimbia. Hawakutishi. Hawataji jina la mtu. Lakini wewe unajua kilichomo nyumbani kwako, na hujui kama na wao wanajua.

Mtu asiye na wa kumficha ni rahisi kuwa jasiri. Na tusisahau kwamba baadaye alijiweka kando na Paris, akakaa kusini karibu na Cannes. Aliyekuwa akitafuta vyeo kwa Wanazi angebaki mjini.

Mchangiaji wa kwanza

Dada yangu, hoja ya Nita Raya naikubali, na sitaifanyia mzaha. Ila umesema asiye na wa kumficha. Basi mtazame Josephine Baker, mwimbaji na dansa mzaliwa wa Marekani. Alikuwa mweusi, tena ameolewa na Myahudi, uraia wa Ufaransa kaupata 1937 tu kwa ndoa hiyo. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuogopa ni yeye. Alikataa kuimba Paris maadamu Wajerumani wapo, akawa anabeba taarifa za kijasusi zilizoandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi zake za muziki. Novemba 2021 Ufaransa imemwingiza Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa taifa. Wote wawili walivaa manyoya na kuimba kumbi zile zile. Kwa hiyo usiniambie kazi ya jukwaani haimpi mtu nafasi ya kuchagua.

Mleta mada

Baker hana mpinzani hapa. Lakini unampima Chevalier kwa kipimo cha shujaa, akishindwa unamtia kapu la wasaliti. Katikati hapo hapakuwa na watu? Ndipo Wafaransa wengi walipokuwa: mwokaji mikate aliyewauzia Wajerumani mikate, dereva wa treni, mwalimu. Tofauti ni kwamba mwokaji mikate hakuna aliyempiga picha.

Radio-Paris umenibana. Hapo sina jibu, na nikiri nilikuwa naikwepa. Altengrabow ningekwenda. Kwenye kipaza sauti kile nisingekaa.

Mchangiaji wa tatu

Samahani kwa kuingilia. Mimi kinachonikera kwake ni ile filamu ya 1958, Gigi, mzee wa miaka karibu 70 anavyoimba kushukuru kuwepo kwa wasichana wadogo. Ikapata Oscar tisa, na yeye akapewa ya heshima juu yake! Siku hizi hiyo isingepita.

Mchangiaji wa pili

Wimbo unasema wasichana wadogo hukua wakawa wanawake, ndiyo maana yake. Lakini hata mimi huo uso wa mzee na lile tabasamu vinanipa ubaridi. Fungua mada yake, tutakuja.

Mchangiaji wa nne

Mimi nimezeeka, niwaongezee kilichofuata, maana mmeishia 1941. Ufaransa ilipokombolewa alihojiwa, akaachiwa. Mmoja wa waliomtetea ni mshairi Louis Aragon, mkomunisti kindakindaki. Chevalier akaonekana kwenye shughuli za wakomunisti, kisha 1950 akatia saini Wito wa Stockholm wa kupinga mabomu ya atomiki. Mwaka uliofuata Marekani ikamnyima viza kwa saini hiyo! Yaani mtu yule yule, ndani ya miaka kumi, kibaraka wa Wanazi na kibaraka wa wakomunisti.

Nyie mnatafuta msimamo wake. Msimamo gani? Huyu alimpenda mtu yeyote aliyempigia makofi, akashindwa kabisa kuvumilia ukumbi mtupu. Ameimba hadi 1968, ana miaka 80, ndipo akaaga jukwaa pale Théâtre des Champs-Élysées. Haikupita miaka mitatu alijaribu kujiua, akafariki siku ya mwaka mpya 1972. Mtu wa namna hiyo ukimwambia 1941 nyamaza miaka minne, umemwambia asipumue. Simtetei. Nasema tu ugonjwa wake haukuwa siasa.

Mchangiaji wa kwanza

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la kwako linanifanya nimwonee huruma, ila halimpunguzii kosa. Waliokuwa wakisikiliza Radio-Paris hawakusikia ugonjwa, walisikia Chevalier.

Mleta mada

Naongeza moja, kisha niwaachie. Marcel Ophuls alitengeneza filamu ndefu ya ushahidi kuhusu Wafaransa chini ya Wajerumani. Ilitoka kwenye kumbi za Paris 1971, lakini televisheni ya Ufaransa haikuionyesha hadi 1981, jinsi ilivyowachoma. Inamalizikia kwa Chevalier, kwenye kipande cha filamu cha zamani. Anaitazama kamera na kujieleza: sikuzunguka Ujerumani, niliimba mara moja tu, kwa mateka, katika kambi niliyowahi kufungwa mwenyewe. Redio haitaji.

Nimekirudia kipande hicho mara tatu. Anaongea na Wamarekani, kwa hiyo anatumia Kiingereza, kile alichofundishwa Altengrabow.