Msaada: nizime makufuli kwenye indeksi? (SQL Server 2019)

Mkorosho_Pori (Masasi)
Wakuu, habari. Makarani wa maghala ya Masasi na Newala wanaingiza mizigo ya korosho ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kwenye jedwali dbo.Mapokezi. Mnada ukipita, mhasibu anarusha UPDATE moja kuweka bei kwenye loti nzima, na makarani wote wanaganda mpaka amalize. Nimeshauriwa nizime ALLOW_ROW_LOCKS (ruhusa ya kufunga rekodi moja moja) na ALLOW_PAGE_LOCKS (ruhusa ya kufunga ukurasa, yaani kipande cha data chenye rekodi kadhaa) kwenye indeksi zote. Nifanye?

Data_Nachingwea
Usithubutu, mkuu. Kufuli (lock) huzuia wengine wasiguse data mpaka aliyeishika amalize. Ukizima zote mbili linabaki kufuli la jedwali zima: karani mmoja akiandika, wengine wanapanga foleni. Hali ilivyo sasa:

SELECT name, allow_row_locks, allow_page_locks
FROM sys.indexes
WHERE object_id = OBJECT_ID('dbo.Mapokezi');

Halafu mnada ukishapita, fungua sys.dm_db_index_operational_stats. Soma row_lock_wait_count, page_lock_wait_count na hasa index_lock_promotion_count (mara ngapi makufuli yamegeuzwa kuwa la jedwali). Seva ikiwashwa upya hesabu zinafutika, kwa hiyo usichelewe.

Mnazi_wa_Mikindani
Mchawi ni hiyo UPDATE. Kauli moja ikifikisha makufuli kama 5,000 kwenye jedwali, injini inayageuza kuwa kufuli moja la jedwali. Haipitii kwenye ukurasa, inaruka moja kwa moja. Ndiyo maana kuzima ya ukurasa kunaweza kuzidisha balaa: ukurasa wa KB 8 unabeba rekodi kadhaa, ukilazimisha rekodi moja moja 5,000 zinatimia upesi. Kata vipande:

WHILE 1 = 1
BEGIN
  UPDATE TOP (2000) dbo.Mapokezi SET Bei = @bei
  WHERE LotiId = @loti AND Bei IS NULL;
  IF @@ROWCOUNT = 0 BREAK;
END

LotiId iwe na indeksi. Usikizungushie kitanzi BEGIN TRAN (muamala mmoja), la sivyo makufuli yanashikiliwa mpaka mwisho. Na @bei ikiwa NULL, kitanzi hakiishi kamwe!

Mkorosho_Pori
Nimekupata. Sasa hiyo ya ukurasa huzimwa lini?

Data_Nachingwea
Ripoti ya deadlock (wawili kusubiriana bila mwisho) ikionyesha PAGE, yaani watu wawili wanagombania rekodi tofauti zilizokaa ukurasa mmoja. Hapo zima kwenye indeksi hiyo tu:

ALTER INDEX IX_Mapokezi_Loti ON dbo.Mapokezi
SET (ALLOW_PAGE_LOCKS = OFF);

Haijengi indeksi upya, ila inahitaji jedwali liwe huru kwa muda mfupi, kwa hiyo fanya mizani ikishafungwa. Gharama yake: REORGANIZE (kupanga upya kurasa) ya indeksi hiyo itagoma kwa kosa 2552, na kazi yako ya matengenezo ya usiku itaanguka. Tumia REBUILD (kuijenga upya). Ukiifuta na kuiunda tena bila kuandika chaguo hilo, inarudi ON kimyakimya.

Mnazi_wa_Mikindani
Na atakayekwambia LOCK_ESCALATION = DISABLE (kuzuia makufuli yasigeuzwe kuwa la jedwali), muulize seva ina RAM kiasi gani. Kila kufuli linakula kumbukumbu.