Kosa moja, bei mbili: je, adhabu za dawa katika mbio za baiskeli ni za haki?

Fundi wa Kinga, Katuba:
Ndugu zangu, swali hili limetugombanisha wiki nzima kwenye kibanda changu cha kutengeneza kinga, yaani baiskeli. Tangu Kigali ipokee mashindano ya dunia Septemba 2025, kwa mara ya kwanza Afrika, vijana wa Lubumbashi wanafuatilia sana mbio za barabarani, na wananiuliza kuhusu dawa.

Tuchukue salbutamoli, dawa ya pumu ya kuvuta. Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mkojo ni nanogramu 1,000 kwa mililita. Diego Ulissi wa Italia alikutwa na 1,900 kwenye Giro, mbio kubwa za Italia, ya 2014, akafungiwa miezi tisa. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikutwa na 2,000 kwenye Vuelta, mbio kubwa za Hispania, ya 2017. Julai 2018, siku chache kabla ya Tour de France, kesi yake ikafutwa. Mimi nasema hiyo si haki. Froome alijitetea kwa mawakili na wataalamu. Kijana wa timu ndogo atawatoa wapi?

Mwana Kamalondo:
Yaya, mkubwa wangu, umeruka kitu. Mtu aliyepungukiwa maji mkojo wake huwa mzito. Waliporekebisha hesabu kwa uzito huo, ile 2,000 ilishuka hadi karibu 1,430, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wenyewe wakakubali kesi ifungwe. Ulitaka aadhibiwe ili tu alingane na Ulissi? Ukimwonea wa pili, wa kwanza hapati nafuu yoyote.

Fundi wa Kinga, Katuba:
Mdogo wangu, la mkojo nimekubali. Lakini kama kipimo kilikuwa na kasoro, waliofungiwa kwa kipimo hichohicho nao wafunguliwe mafaili upya.

Mama wa Makala, Ruashi:
Mambo ya mkojo siyajui. Mwanangu hubeba makala (makaa ya kupikia) ya watu kwa kinga kutoka porini. Wakimsimamisha njiani, anayelipa ni yeye, mwenye magunia yuko kwake amelala. Huko Ulaya je? Anayempa kijana dawa anafanywa nini?

Mwalimu wa Kampemba:
Mama, huwa wanaadhibiwa, ila kwa kuchelewa. Mwaka 2012 Lance Armstrong, mpanda kinga Mmarekani, alinyang'anywa Tour saba, za 1999 hadi 2005, akafungiwa maisha. Daktari wake, Michele Ferrari, naye alifungiwa maisha mwaka huohuo. Meneja wa timu yake, Johan Bruyneel, alipewa miaka 10 mwaka 2014, na mahakama ya michezo ya Lausanne ikaigeuza kuwa ya maisha mwaka 2018. Wenzake Armstrong waliotoa ushahidi walipata miezi sita, na hilo naliunga mkono kabisa, kwa sababu vipimo havikumwangusha. Wao ndio waliomwangusha.

Kinachoniuma ni Bjarne Riis. Mwaka 2007 alikiri kwamba alitumia EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, aliposhinda Tour ya 1996. Muda wa kushtaki ulikuwa umepita, na jina lake bado limo kwenye orodha ya washindi. Isitoshe, akaendelea kuongoza timu ya vijana wengine!

Fundi wa Kinga, Katuba:
Mwalimu, kwa Riis tuko pamoja. Kwa miezi sita, hapana. Ilianza Septemba 2012 ikaisha Machi 2013. Huo ni msimu wa baridi, mbio kubwa za Ulaya zimelala. Mtu anapumzika kwake, kisha anarudi. Shahidi apunguziwe, sawa, lakini akose angalau Tour moja.

Na Mama ameuliza jambo zito kuliko yote tuliyosema. Sikilizeni hili: mwaka 2017, Giro ikiwa karibu kuanza, wapanda kinga wawili wa timu ya Bardiani, Stefano Pirazzi na Nicola Ruffoni, walikutwa na dawa ya kuchochea homoni ya ukuaji. Kila mmoja akafungiwa miaka minne. Timu ikasimamishwa siku 30. Siku 30 tu! Mwanariadha miaka minne ni kama nusu ya maisha yake ya kazi. Kwa timu, siku 30 ni mbio chache zilizokosekana.

Mimi napendekeza hivi: wakikutwa wawili wa timu moja ndani ya mwaka mmoja, timu nzima ikae nje msimu mzima.

Mwana Kamalondo:
Na wale ishirini na zaidi wa timu hiyo ambao hawajagusa kitu, Yaya, watakula nini msimu huo?

Fundi wa Kinga, Katuba:
Mwenye timu aendelee kuwalipa mishahara. Iandikwe kwenye kanuni kabla hajapewa leseni.